Mwalimu Waceke na Mashine Isiyoona Nyekundu

Kama ulisoma shule ya msingi kule Gatongora enzi zile maziwa ya shule yakija kwa pakiti za pembe tatu, basi mahali fulani kwenu, chini ya kitanda au ndani ya sanduku la mama, kuna daftari lenye maneno ya Mwalimu Waceke kwa wino mwekundu. Kama halipo, ulilichoma mwenyewe, na hakuna wa kukulaumu.

Alifundisha darasa la tatu miaka thelathini na nne. Hakupiga kelele, na fimbo aliwaachia walimu waliokosa maneno. Yeye alikuwa na kalamu. "Mwandiko wa kuku aliyelewa." "Jibu hili umelitoa wapi? Rudisha." "Ameota darasani, na ndoto yenyewe ina makosa sita." Hadi leo kuna watu wazima wa Ruiru, wenye vitambi na magari, ambao wakimwona mbele ya duka hukunja vidole upesi, wasije wakaambiwa waonyeshe kucha.

Alipostaafu, shule ilimpa blanketi na saa ya ukutani, serikali ikampa barua. Barua aliisahihisha: makosa matatu. Kisha akahamia mitaani. Alisahihisha programu za harusi, mabango ya wagombea udiwani, na hata lile tangazo lililobandikwa kwenye mti kwamba maji yatapotea kwa muda usiojulikana. Pembeni yake aliandika kwa wino mwekundu: "Ujulikane. Rudia kazi hii."

Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa nyumbani akiangalia kuku. Ndipo akaanzisha kikundi cha Wendo, yaani upendo, wanawake kumi na mmoja wa kanisa moja, wakaingia kwenye biashara ya jamu ya nanasi. Mananasi waliyachukua Thika, yale yaliyoiva kupita kiasi, ambayo kufika saa saba mchana huwa yananukia hadi nyuki wanapigana. Waliyapika nyuma ya nyumba ya Mwalimu kwenye sufuria za ukubwa wa harusi. Jamu yenyewe ilikuwa tamu kiasi kwamba Mumbi, makamu mwenyekiti, aliwahi kuilamba kwenye mwiko kikao kikiendelea, na kikao kikaahirishwa ili wengine nao walambe.

Wakapata vibali. Wakapata namba yao ya barkodi, ile safu ya tarakimu kumi na tatu inayoanza na sita moja sita. Kilichobaki kilikuwa lebo, na lebo ndiyo iliyotaka kuwavunja.

Kazi hiyo walimpa Karanja, mwenye matbaa ndogo pale Thika. Karanja ni fundi hodari, ila riziki yake kubwa ni programu za mazishi. Kuanzia Jumatano hadi Ijumaa mashine zake huimba tu marehemu alizaliwa, marehemu alisoma, marehemu ameacha. Alipowaletea mfano wa lebo, mambo yote yalikuwa mazuri: nanasi, jina, picha ya Mwalimu Waceke mwenyewe akitabasamu ndani ya kitambaa cha kichwa cha kikundi, chekundu kama nyanya iliyoiva. Lakini pembeni, Ngai, kulikuwa na kifurushi cha mistari myeusi tititi.

"Hii ni nini?" aliuliza Mumbi. "Hii si ile ukurasa ya mwisho, 'tangulia tutaonana'?"

"Ni barkodi, Mama," alisema Karanja. "Inakuwanga nyeusi."

"Kwa chakula? Mtu anakula mkate asubuhi anakumbuka mazishi ya mjomba wake?"

Kikao kilipiga kura. Kumi na mmoja kwa sifuri, hakuna tone la rangi nyeusi kwenye chupa ya Wendo. Mwalimu Waceke alitoa kalamu, akaizungushia ile mistari duara, akaandika: "BADILISHA. Hii si matanga." Karanja alifungua mdomo aseme jambo. Mwalimu akamtazama juu ya miwani. Karanja akafunga mdomo, akarudi Thika, akachapisha lebo zote, mistari ikiwa nyekundu. Nyekundu safi juu ya nyeupe. Ilipendeza mno.

Na sasa tufike Jumamosi yenyewe.

Supamaketi kubwa kuliko zote upande wao wa Ruiru, Nunua Raha, ilikuwa imekubali kuwapa Wendo nafasi kwenye rafu ya vitu vya kupaka mkate, katikati kabisa, usawa wa macho. Nafasi kama hiyo watu huisubiri miaka. Siku hiyo rafu zilikuwa zinapangwa upya, na kufika saa kumi jioni kila kitu kiwe mahali pake. Meneja wa kupokea bidhaa aliitwa Erastus, kijana wa miaka arobaini na kitu mwenye tai fupi na bisibisi mfukoni. Sharti lake lilikuwa moja.

"Chupa inapita kwa keshia," alisema. "Ikilia tii, inaingia kwa rafu. Isipolia tii saa kumi ikifika, hiyo nafasi naweka krisps za ndizi. Wenyewe wako hapo nje na katoni zao, wamengoja tangu asubuhi. Tutaongea tena mwakani."

Kisha akatabasamu tabasamu la mtu aliyengoja kitu kwa muda mrefu.

"Pole, Mwalimu. Leo ni mimi nasahihisha."

Mwalimu Waceke alimtazama. Masikio yale aliyajua.

"Erastus. Darasa la tatu, dawati la dirishani. Mbili kwa kumi."

"Uliandika 'ameota darasani'. Baba alisomea wageni siku ya Krismasi."

"Na ulikuwa umeota."

"Nilikuwa nimeota," alikubali Erastus. "Lakini leo niko macho."

Hapo ndipo kila mtu alielewa kilichokuwa mezani. Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, Mwalimu Waceke alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima akatangaza kwamba wiki ijayo wote wakitoka ibadani waende Nunua Raha, rafu ya katikati, usawa wa macho. Alisema "usawa wa macho" mara tatu. Mchungaji akasema amina. Sasa kama waumini mia tatu wangefika pale wakakuta krisps za ndizi, Mwalimu angelazimika kuhamia Embu na kubadilisha jina.

Keshia wa laini ya pili aliitwa Nafuna, mwanamke wa Bungoma aliyepanga chumba Kiuu, mpole wa sura, mwepesi wa ulimi, mwenye miaka kumi na moja ya kupitisha vitu juu ya kioo. Mume wake husema hata akiosha vyombo kila sahani huipitisha hewani mara moja kabla ya kuiweka. Nafuna aliichukua chupa ya kwanza, akaipitisha juu ya kile kioo chenye mistari ya mwanga mwekundu.

Kimya.

Akaigeuza. Kimya. Akaifuta kwa aproni, akaipitisha polepole, akaipitisha haraka, akaisimamisha kwa kichwa. Mashine ilikaa kama mtu aliyeitwa kuchanga harambee.

"Imelala," alisema Mumbi. "Tuiombee."

"Haijalala." Nafuna alichukua sabuni, akaipitisha: tii. Akachukua majani chai: tii. Akachukua Wendo: kimya.

Mumbi alikuwa ameshanyoosha mikono juu ya kioo, macho yamefumbwa. Skana ikaona pete yake, haikusema kitu pia.

Nafuna akainua chupa hadi puani, akaikagua lebo, na taratibu uso wake ukabadilika, kama wa mtu aliyegundua kwamba suruali anayotafuta ameivaa.

"Mama, hii mistari nani aliweka nyekundu?"

Wanawake kumi walimtazama mwanamke mmoja.

"Nyekundu inaonekana," alisema Mwalimu Waceke. "Nyekundu inaonekana kuliko rangi yote duniani. Nimeitumia miaka thelathini na nne na hakuna mtu amewahi kuniambia hajaiona."

"Mtu, ndiyo. Hii si mtu. Ngoja nikuonyeshe."

Karibu na mlango kulikuwa na vikapu vya zawadi vilivyofungwa kwa nailoni nyekundu, ile inayopiga kelele ukiigusa. Nafuna alichana kipande, akampa Mwalimu. "Weka kwa jicho, halafu angalia lebo yako."

Mwalimu alivua miwani, akaweka nailoni machoni, akaangalia. Akaitoa. Akaiweka tena.

Mistari ilikuwa imetoweka. Si kufifia, kutoweka. Pale ilipokuwa palibaki mraba mtupu. Na si mistari tu: kitambaa chake cha kichwani nacho kilikuwa kimeyeyuka ndani ya karatasi, akabaki uso mtupu unaotabasamu na nanasi.

Mumbi alimnyang'anya nailoni. "Haiya! Mwenyekiti yuko kichwa wazi! Mbele ya watu!"

Nailoni ikapita mkono kwa mkono, na kila aliyeangalia alipiga kelele yake. Hata mteja mmoja mwenye kabeji aliomba zamu.

"Sasa sikieni," alisema Nafuna, huku akipitisha kabeji ya yule mteja kwa mizani. "Hii skana macho yake ni mwanga mwekundu. Inamwaga mwanga kwa lebo, halafu inangoja urudi. Nyeupe inarudisha mwanga wote. Nyeusi inameza, hairudishi kitu. Kwa hivyo inaona: umerudi, umemezwa, umerudi, umemezwa. Hapo ndio inasoma. Sasa nyekundu ikipigwa na mwanga mwekundu, inaurudisha sawa tu na nyeupe. Mashine inaona karatasi haina kitu. Wewe Mwalimu ukipewa karatasi haina kitu, unaandika nini?"

"Sifuri," alisema Mwalimu Waceke kwa sauti ndogo.

"Hiyo yenyewe."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Kule nje, mwenye krisps za ndizi alifungua pakiti moja akaanza kula, kwa raha zake.

"Hakuna rangi nyingine?" aliuliza Mumbi. "Lazima nyeusi?"

"Hata kijani iliyokolea inasoma. Hata buluu."

"Kijani ni ya kile kikundi cha wale walijitenga na sisi," alisema Mumbi, bila kuwataja. "Buluu ni ya wale walijitenga na hao."

Kwa hiyo rangi zote za Mungu zilikuwa na wenyewe, isipokuwa ile ya matanga. Mwalimu Waceke alikaa juu ya katoni, akaishika kalamu yake kama anayepima joto la mgonjwa. Halafu akasimama.

"Leteni kalamu nyeusi. Zile nene. Na rula."

Walizinunua humo humo. Wanawake kumi walijipanga juu ya katoni nje ya supamaketi, kila mmoja na chupa, na kuanza kupaka nyeusi juu ya nyekundu, mstari kwa mstari, ndimi nje kama watoto wa darasa la tatu. Mwalimu alipita katikati yao, mikono nyuma. "Nyoosha." "Usiharakishe." "Mumbi, huo ni mstari au ni barabara ya Thika?"

"Nimeuongezea nguvu kidogo, Mwalimu. Mwingine ulikuwa mwembamba, unatia huruma."

Saa tano na nusu walirudi kwa Nafuna na chupa kumi zilizochorwa kwa mkono. Akapitisha ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Ya Mumbi haikufika hata kwenye kioo. Nafuna aliitazama tu akairudisha kwa heshima.

"Sasa ni nyeusi!" Mwalimu Waceke alikuwa karibu kupaza sauti, jambo ambalo shule nzima haikuwahi kulisikia. "Inataka nini?"

"Inapima upana, Mwalimu. Angalia." Nafuna alichukua unga wa ngano, akamwonyesha mistari yake kwa ncha ya ukucha. "Hii miwili mirefu myembamba mwanzoni ni ya kusema 'naanza'. Iko mingine katikati, na mwishoni ya kusema 'nimemaliza'. Baina ya hiyo kila tarakimu imepewa vyumba saba, vyote sawa. Ndani ya vyumba saba kuna mistari miwili na mianya miwili. Mstari unaweza kukaa chumba kimoja, au viwili, au vitatu, au vinne. Mwanya pia. Mpangilio ndio unasema hii ni tano, hii ni nane. Sasa Mumbi ameonea mstari wa chumba kimoja huruma, akaupatia viwili. Si tarakimu tena. Ni kitu hakiko duniani."

"Sasa kama imesoma kitu hakiko duniani, si ilie tu, iandike kitu?" aliuliza Mumbi. "Watu wengi hufanya hivyo."

"Hii haifanyi. Na hata upotoshe kwa bahati ipate tarakimu nyingine, bado itanyamaza. Ile ya mwisho, ya kumi na tatu, si ya jina la chupa. Ni ya kukagua hizo kumi na mbili. Unaanza mbele: ya kwanza mara moja, ya pili mara tatu, ya tatu mara moja, ya nne mara tatu, hivyo hivyo hadi ya kumi na mbili. Unajumlisha. Ile inabaki kufika kumi inayofuata, ndio ya mwisho. Isipolingana, mashine inakataa kazi yote."

Mwalimu Waceke alichukua karatasi ya kupokelea bidhaa, akaigeuza nyuma, na kwa wino mwekundu akaiandika ile namba ya Wendo. Mara moja, mara tatu, mara moja, mara tatu. Midomo ilikuwa inacheza. Erastus, aliyekuwa anapita na ngazi, alisimama bila kutaka, jasho likamtoka kwa kumbukumbu.

"Sabini na tatu," alisema Mwalimu. "Kufika themanini, saba." Akaangalia lebo. Tarakimu ya mwisho ilikuwa saba. Akaweka tiki.

Kisha akakitazama kile kioo kwa namna mpya kabisa. Tangu asubuhi alikuwa amekiona kama kijana mwenye kiburi asiyejua kusoma. Sasa alikiona kingine.

"Kwa hivyo hii kitu inasahihisha."

"Kila chupa, Mwalimu. Siku nzima."

"Na haipendelei mtu."

"Haijui mtu. Hata bei haijui. Inasoma namba tu, halafu inauliza kompyuta: huyu ni nani?"

"Na isipokuwa na uhakika inanyamaza." Mwalimu Waceke alitikisa kichwa. "Nimefundisha na walimu arobaini, na hawakuwa na adabu kama hiyo."

Akavaa miwani vizuri, akachukua simu, akampigia Karanja kwamba yuko njiani.

Jumamosi saa sita mchana ndiyo saa pekee ya wiki ambayo Karanja hupumzika, kwa sababu mazishi yote yameshaanza na makosa yaliyomo kwenye programu hayarekebishiki tena. Mwalimu alipofika Thika alimkuta amekalia bunda la karatasi, anakula chapati. Nyuma yake ukutani, ndani ya fremu ya kioo, ilining'inia ile lebo ya mfano, na duara, na maneno ya wino mwekundu: "BADILISHA. Hii si matanga."

"Umeiweka kwa fremu," alisema Mwalimu.

"Ni ya kuonyesha wateja," alisema Karanja. "Wakinikazania kitu, nawauliza kama wanataka ya kwao iwe kando ya hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwalimu, nilifungua mdomo. Ukaniangalia na hiyo macho."

"Ungesema."

"Nilikuwa darasa lako mwaka wa tisini na moja. Nikiona hiyo macho bado natafuta leso."

Mwalimu Waceke alivuta pumzi. Maneno aliyokuwa nayo kinywani hakuwahi kuyatumia kwa mtu aliye chini ya cheo cha mkaguzi wa elimu, na yalitoka moja moja kama meno.

"Karanja. Ulikuwa sahihi. Nilikosea mimi."

Chapati ilisimama hewani. Karanja aliangalia kulia na kushoto kutafuta shahidi, hakuna. Watu wa Thika hadi leo hawamwamini.

"Nichapie stika," aliendelea Mwalimu. "Mia moja na hamsini. Mistari tu na namba. Nyeusi."

"Nyeusi gani?"

"Nyeusi ya matanga, Karanja. Ile kabisa."

Mashine ilizunguka. Stika zikatoka zikiwa na joto la mkate. Saa tisa na dakika ishirini Mwalimu alikuwa amerudi Nunua Raha na karatasi zake ndani ya bahasha, na kikundi kikamzunguka. Mumbi alikuwa ameshashika mkasi, kwa sababu Mumbi huwa ameshashika mkasi. Kabla mtu hajasema neno, alikuwa amekata stika ya kwanza, akaipunguza pembeni ikabaki mistari mitupu, nadhifu kama nywele za bwana harusi, akaibandika juu ya ile barkodi nyekundu, akakimbia kwa Nafuna.

Kimya.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyecheka. Nje, mwenye krisps alikunja pakiti yake tupu, akasimama, akajinyoosha mgongo. Erastus aliangalia saa. Zilibaki dakika thelathini na tano.

Mwalimu Waceke aliichukua ile chupa. Hakumuuliza Nafuna. Aliitazama kama alivyotazama madaftari elfu arobaini maishani mwake, akitafuta si kosa bali mahali kosa lilipoingilia. Mistari ilikuwa sawa. Upana ulikuwa sawa. Weusi ulikuwa wa marehemu kabisa. Kisha akaweka ncha ya kalamu kwenye ukingo wa stika, pale mstari wa mwanzo ulipogusana na majani ya nanasi la pichani.

"Mumbi. Hapa kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu. Nyeupe tu. Nimetoa."

"Mtoto akianza kuandika ukingoni mwa karatasi, tunamwambia nini?"

"Aache pambizo," alisema Mumbi, na akaweka mkono mdomoni. "Uuui."

"Bila pambizo haijui nanasi inaishia wapi na barkodi inaanzia wapi." Akamgeukia Nafuna. "Ni hivyo?"

Nafuna alikuwa anacheka kimya kimya. "Mwalimu, ukitafuta kazi ya keshia, mimi nitaenda likizo."

Mkasi ulinyang'anywa. Kila stika ilikatwa na nyeupe yake pande zote, ikabandikwa na wanawake kumi na mmoja kwa mwendo wa watu wanaotoroka mvua. Chupa ishirini, hamsini, tisini. Saa kumi kasoro dakika nne Erastus alikuja na bisibisi na mwenye krisps nyuma yake, katoni begani.

"Mwalimu," alisema, na kwa kweli sauti yake haikuwa na raha tena, "saa inakimbia."

Mwalimu Waceke alichukua chupa moja bila kuchagua, akaiweka mwenyewe mbele ya Nafuna, akarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni, kama mtoto anayengoja daftari lake.

Nafuna akaipitisha.

Tii.

Kwenye skrini yakatokea maneno: JAMU NANASI WENDO. Nafuna akachukua nyingine: tii. Nyingine, kichwa chini: tii. Akaanza kuzipitisha mikono miwili kama mpiga ngoma, tii tii tii, hadi Erastus akamwambia basi, wataharibu hesabu ya stoo.

Kisha ngemi, vile vigelegele vya furaha. Mumbi alipiga ya kwanza, kali hadi mlinzi wa mlangoni akavua kofia. Ya pili. Ya tatu. Akanyamaza.

"Mbona tatu?" aliuliza mmoja. "Tatu ni za kuzaliwa msichana. Piga tano, za kijana."

"Jamu ni kijana? Umewahi kuona kijana mtamu namna hiyo?"

"Lakini ina sura ya mwenyekiti!"

"Ndio nasema ni msichana!"

"Kwetu Bungoma," alisema Nafuna, "tunapiga tu hadi koo ichoke." Akapiga ya kwao, akiwa amekaa pale pale kwenye kiti cha keshia, na foleni nzima, pamoja na yule mama wa kabeji aliyekuwa amerudi kununua kitunguu, ikaitikia. Mwenye krisps naye akatikisa kichwa, akaweka katoni chini, akanunua chupa moja. Wanasema ndiye mteja wa kwanza wa Wendo, na aliipaka juu ya krisps zake papo hapo, na akasema mambo si mabaya.

Erastus alizipanga chupa kwenye rafu kwa mikono yake mwenyewe, katikati, usawa wa macho, sura mia moja za Mwalimu Waceke zikimtazama juu ya miwani. Alipomaliza alileta ile karatasi ya kupokelea bidhaa, akatia sahihi, akaisogeza mbele yake kwa woga wa zamani.

"Mwalimu. Na mimi leo nimepata ngapi?"

Mwalimu Waceke alichomoa kalamu yake. Aliisoma karatasi yote, juu hadi chini. Jina la bidhaa, idadi, tarehe. Kwenye neno "nanasi" Erastus alikuwa ameandika "nanansi". Ncha ya kalamu ilisimama juu ya neno hilo kwa muda mrefu.

Kisha Mwalimu akalipita.

"Nane kwa kumi," aliandika, kwa nyekundu iliyoonekana na kila mtu pale isipokuwa mashine. Na chini yake, kwa mwandiko ule ule uliovunja mioyo ya Gatongora nzima: "Hakuota."

Alirudisha kofia ya kalamu, akaitia mkobani. Halafu, kabla ya kutoka, alipita kando ya kiti cha Nafuna, akakiinamia kile kioo chenye mwanga mwekundu na kukigonga mara mbili kwa kidole, polepole, kama mwalimu anavyogonga dawati la mwanafunzi mzuri.

Jumapili wote mia tatu walikwenda. Mumbi aliwasimamia wapange foleni, na akawaomba waache nafasi kidogo kati ya mtu na mtu.

"Pambizo," aliwaeleza, kwa sauti ya mtaalamu. "Bila hiyo haitawasoma."